Kabla ya kulipa ada ya chuo cha afya, ulizia wodi

Kila Januari matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, simu yangu haipumziki. Ndugu, majirani, akina mama ninaosali nao, wote wana swali moja: mtoto kapata divisheni foo, lakini D za Fizikia, Kemia na Biolojia anazo, na ya nne ni ya Kiswahili, je, tumpeleke chuo cha afya cha binafsi, au tutakuwa tumetupa hela? Mimi ni muuguzi. Kwa miaka mingi nimewapokea wodini wanafunzi wa fildi, wa vyuo vya serikali na vya binafsi, na jibu langu halijabadilika. Mpelekeni. Ila kabla hamjalipa hata shilingi, ulizeni chuo hicho kinawapeleka wanafunzi wake hospitali gani kwa vitendo, na huko wanakuwa wangapi.

Maneno ya mtaani kuhusu vyuo hivi nayajua: ni biashara za watu, ni kimbilio la waliofeli. Yananiuma, kwa sababu yanawaangukia vijana wasiostahili. Nafasi za vyuo vya serikali ni chache, wenye ufaulu wa juu wanazijaza, na wengi wanaobaki nje wana sifa zote za kujiunga. Kijana huyo akiingia chuo cha binafsi kilichosajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, anasoma miaka 3 kama mwenzake wa serikalini, anapanda kutoka ngazi ya 4 hadi ya 6, yaani stashahada, na mwisho wote wawili wanakalia mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Karatasi ni ile ile, na anayeisahihisha hana habari ada ililipwa wapi.

Tena tunasahau tulikotoka. Ndanda, Peramiho, Haydom: hizi ni hospitali za makanisa, na kila moja ina shule yake ya uuguzi. Serikali haikuziasisi. Wauguzi waliotoka huko wametapakaa nchi nzima, na ukishika nao zamu ya usiku unaona tofauti. Mkono wao hautetemeki. Walilelewa karibu na wagonjwa. Walichofundishwa asubuhi walikikuta wodini jioni, na mwalimu aliyewafundisha ndiye aliyekuwa amesimama nyuma yao.

Chukua dripu. Hesabu yake inafundishwa darasani na karibu kila mwanafunzi anaiweza: lita moja ndani ya saa 8, kwa seti inayotoa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika. Kwenye mtihani anapata vema. Sasa mlete wodini. Mzee amelala, mkononi ana kanula, kile kimrija kinachoingia kwenye mshipa, binti amesimama na saa yake ya kifuani anahesabu, anakizungusha kidhibiti taratibu mpaka 42 inapatikana. Anaondoka ameridhika. Mzee anakunja kiwiko, dripu inasimama. Au anaamka kwenda chooni, ndugu yake anaishika chupa chini ya kiuno, damu inapanda kwenye mpira. Binti akirudi baada ya nusu saa ndipo anapojua kwamba dripu inafuatiliwa, haitegwi ikaachwa. Ubao haufundishi hilo. Akishalikuta mara ya pili na ya tatu, hata akiwa anapita na trei ya dawa macho yake yanakwenda kwenye chemba ya matone bila kutumwa.

Siku hizi kuna vyuo vilivyofunguliwa mjini juu ya maduka. Vina madarasa safi na sanamu za kufanyia mazoezi, lakini mgonjwa wa karibu yuko hospitali ya watu wengine. Kwa hilo pekee sivilaumu. Makubaliano na hospitali yanawezekana, na viko vinavyoyatekeleza vizuri, vinaleta mwalimu wao ashinde wodini na wanafunzi. Tatizo linaanza hospitali moja ya wilaya inapobeba vyuo vinne au vitano kwa wakati mmoja. Raundi ya asubuhi wanafunzi zaidi ya kumi wanazunguka kitanda kimoja, wa nyuma wanachungulia juu ya mabega ya wenzao, mgonjwa anavuta shuka kwa aibu. Mwisho wa wiki wanakuja na logibuku, daftari la kazi za fildi, niwasainie kwamba wamefunga vidonda, wamechoma sindano, wamezalisha. Chuo kimoja kilituletea wanafunzi bila msimamizi yeyote hadi fildi ikaisha, na walipokuja kuomba saini kwa kazi ambazo hawakuzigusa, nilikataa. Binti mmoja alilia. Hakuwa na kosa. Ada ililipwa, hela ya fildi ililipwa, na kile ambacho wazazi wake walikilipia hakukipata.

Pamoja na hayo nasema vyuo hivi vinawafungulia watu njia, tena si watoto waliotoka shule juzi peke yao. Mmoja wa wanafunzi bora niliowahi kusimama nao leba alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, muuza mitumba, mwenye watoto wake. Cheti chake cha kidato cha nne kilikuwa kimekaa kabatini zaidi ya miaka kumi, akijua kwamba mambo ya shule yalishampita. Chuo cha binafsi kilimpokea, kikamruhusu alipe ada kwa awamu, na akawa anauza nguo Jumamosi na Jumapili. Wenzake wadogo walikuwa wanamwogopa mzazi anayepiga kelele za uchungu. Yeye alimwendea, akamsugua mgongo, akamsemesha pole pole, huku kila nusu saa anasikiliza mapigo ya mtoto na kuyaweka kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu. Usiku mmoja nukta zake zilianza kushuka, akanifuata mezani: "Sista, mapigo ni 100. Nimeyarudia." Tulimwita daktari, mama akaingia chumba cha upasuaji mapema. Leo mwanafunzi yule ana leseni yake, anafanya kazi kituo cha afya cha binafsi, na mitumba amemwachia mdogo wake.

Kuhusu ajira, asidanganywe mtu. Serikali inatangaza nafasi kwa vipindi, na waombaji huwa wengi kuliko nafasi. Wengi wanaanza kwa kujitolea, wakipewa nauli na chai. Lakini nchi hii ina zahanati za watu binafsi kila kona, ina vituo vya afya, ina hospitali za makanisa. Kwa waliosoma famasia kuna famasi na maduka ya dawa muhimu mpaka vijijini. Waajiri hawa wanaangalia leseni kwanza, kisha wanamweka mtu kwenye zamu wamtazame anavyofanya. Aliyepita kwenye wodi yenye kazi anajulikana siku hiyo hiyo. Na mara nyingi kazi ya kwanza inatoka pale pale alipofanyia fildi: pengo likitokea, inchaji, yaani muuguzi kiongozi wa wodi, anamkumbuka yule kijana aliyekuwa anafika kabla ya makabidhiano ya zamu, anaulizia namba yake. Nimeshapiga simu za namna hiyo mwenyewe, na waliozipokea walikuwa wa vyuo vya binafsi kwa vya serikali. Anayetaka kusonga mbele naye hajafungiwa. Stashahada yenye GPA ya 3.0 inamwezesha kuomba digrii chuo kikuu.

Fedha ndiyo inayowakwamisha wengi. Katika vyuo vingi vya afya vya binafsi ada ya mwaka haipungui milioni moja, na bado kuna sare, hosteli, bima, mitihani na hiyo hela ya fildi. Mkulima anauza shamba kwa ajili hiyo. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inawakopesha pia wanafunzi wa stashahada wa fani za kipaumbele, afya ikiwemo, kwa hiyo mzazi aulizie mapema kama mwanaye anaweza kuomba. Na amwepuke wakala. Hawa wanaopita mitaani matokeo yakitoka, wakisema ukimaliza tu kazi iko, wengine wanalipwa kwa kila kichwa wanachokipeleka. Mwambie wakala akutajie hospitali. Akianza kuzungukazunguka, mpe mkono wa kwaheri. Kisha panda basi uende hospitali hiyo, muulize inchaji yeyote: wanafunzi wa chuo fulani mnawaona hapa? Wanakuja na mwalimu? Tutakujibu. Hatuna sababu ya kuficha, maana hao watoto kesho ndio watakaotuuguza sisi.

NACTVET nayo inaweza kumpunguzia mzazi safari hiyo. Kila mwaka inatoa mwongozo wa udahili, na humo unakuta jina la chuo, kozi, sifa za kujiunga, muda wa masomo, idadi ya wanafunzi na ada. Naomba iongezwe safu moja kwa kozi za afya: jina la hospitali ya fildi, na idadi ya wanafunzi wa vyuo vyote wanaopangiwa hapo kwa wakati mmoja. Chuo chenye makubaliano ya kweli kitajaza safu hiyo bila shida. Kile kinachogombania kitanda kimoja na vyuo vingine vinne kitalazimika kutoka mjini na kubisha hodi kwenye hospitali za wilaya za pembeni, ambako leba ina kazi usiku kucha na muuguzi wa zamu yuko peke yake.