Unguja hadi Pemba Dakika Tisa? Thubutu!

Jamani, hizi simu nani kazipa kazi ya kupanga safari? Unaiuliza, Unguja hadi Pemba kwa ndege ni muda gani, inakujibu bila haya: saa moja na nusu. Ukichungulia ramani, kumbe imekupeleka Msumbiji, kwenye ule mji wa Pemba wa Cabo Delgado, zaidi ya kilomita 700 kusini. Wewe una harusi Wete! Kwa hiyo kabla hujalipa, tazama zile herufi tatu za uwanja wa ndege: Pemba yetu ni PMA, ya Msumbiji ni POL. Ukishalipia POL, kurudishiwa pesa ni kesi nyingine kabisa.

Haya, umeandika ZNZ, yaani Unguja, hadi PMA. Sasa inakwambia kilomita 125, dakika tisa. Tisa! Umbali ni wa kweli, ila imegawanya kwa kilomita 800 kwa saa, mwendo wa madege makubwa. Huku wengi tunapanda Cessna Caravan, pangaboi moja puani, abiria kumi na wawili hivi, kilomita 300 kwa saa ikijitahidi. Hapo ni dakika 25 angani. Ongeza kujivuta hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kupanda na kuzunguka kabla ya kutua, ndiyo maana ratiba inaandika nusu saa. Na barazani hakosekani mjuaji wa kusema si 125, ni 67. Anahesabu maili za baharini huyo, kama marubani. Mpe kahawa anyamaze.

Upepo nao una lake. Pemba iko kaskazini-mashariki ya Unguja, kwa hiyo msimu wa kaskazi unakwenda unapigwa usoni. Upepo wa kilomita 30 kwa saa unakula karibu dakika tatu. Wakati wa kurudi unakusukuma, unazipata mbili na ushee. Hata deni lenyewe haulipi lote!

Lakini anayekuchelewesha hasa si upepo, ni mizani. Kwenye ndege ndogo hupimwi begi tu, unapimwa na wewe mwenyewe, hadharani, foleni yote imetoa macho. Rubani lazima ajue uzito na nani akae wapi, maana wanene wote wakijazana nyuma ndege inaelemea mkia. Mzigo kwa kawaida ni kilo 15, na uwe begi laini, kwa sababu unasukumwa kwenye kisanduku kilicho chini ya tumbo la ndege. Ukija na sanduku gumu la magurudumu, utalifungua hapo hapo, kanga za bibi harusi nje. Doriani usithubutu: chumba ni kimoja, rubani mnamuona kisogo, na harufu haina pa kwenda.

Halafu unatakiwa ufike saa nzima kabla. Umefika, ndege yenyewe bado iko Dar, kwa sababu ndiyo hiyo hiyo inayopitia Unguja kuja kukuchukua. Dar kukinyesha, wewe unasinzia Unguja jua likiwaka. Choo nenda mapema, ndani hakuna.

Ukitua bado hujafika. Uwanja uko nje kidogo ya Chake, na kutoka hapo hadi Wete ni kilomita 30 na kitu. Daladala inasimama kila penye mwembe, na ukishuka harusini wameshakula pilau, wanakukwangulia ukoko.