Siku 21 za banda la pembeni

Barabara ya Namanga inapita karibu na kwangu, hapa Ngaramtoni. Asubuhi nikiwa bandani nazisikia Noah za alfajiri zikishuka kutoka Longido kuelekea Arusha mjini, na kwa miaka mingi sikuwahi kujiuliza zimebeba nini zaidi ya abiria. Tangu masika yaliyopita nimebadilika. Nikiona boksi lenye matundu limefungwa juu ya keria, macho yanalifuata mpaka lipotelee kwenye kona.

Masika hayo nilinunua kuku machotara 200 wa wiki nne. Aliyeniuzia alisema wametotolewa ng'ambo ya mpaka, mbegu safi, chanjo zote tayari, na kila mmoja nilimpata kwa shilingi 800 chini ya bei ya hapa. Kibali sikuomba kukiona. Cheti cha afya sikukiulizia. Nilipiga hesabu kichwani, mia nane mara mia mbili, nikaona nimeokota laki moja na sitini njiani. Nikawafungulia moja kwa moja kwenye banda la kuku wangu wa zamani.

Siku ya tano mmoja alisimama peke yake kwenye kona, mabawa yameshuka, macho nusu yamefumba. Kinyesi kilikuwa cha kijani, majimaji. Siku ya saba walikuwa wengi wanahema midomo wazi. Siku ya tisa shingo zikaanza kupinda: kuku anatazama juu, shingo inageukia mgongoni, anazunguka mara mbili, anaanguka ubavu, miguu inapiga hewa. Jina la mdondo nililijua tangu utoto, wengine wanauita kideri. Siku ile ndipo nilipoutazama uso kwa uso. Daktari wa mifugo alifika, akavaa buti zake mlangoni, akaingia, akatoka, akaniambia kile ambacho kila mfugaji anakijua: mdondo hauna dawa, una chanjo tu, na chanjo hailetwi kuku akishaumwa. Kati ya wale 200 wakabaki 31.

Hilo la kwangu nilistahimili. Lililonivunja ni la jirani. Siku ya tatu, kabla sijaona dalili yoyote, nilimpa mama mmoja mjane tunayepakana naye viroba viwili vya mbolea kutoka banda lile, apandie mchicha. Kuku wake wa kienyeji 14 wakashinda kwenye yale matuta wakichakura, kama kuku wanavyochakura popote. Ndani ya wiki mbili hakubaki hata jogoo. Kuku wale ndio waliokuwa sare na madaftari ya wajukuu, ndio kitoweo cha mgeni, ndio nauli ya kwenda hospitali. Wawili wa mwisho alikuja nao kwenye ndoo, akaiweka chini mbele ya mlango wangu, akaniuliza: "Mwanangu, hawa wako walitoka wapi?"

Basi nikisema naunga mkono sheria ya kuzuia kuku hai kuingia nchini bila kibali na bila karantini, nasema nikiwa nimeshaona gharama ya kuikiuka. Na gharama hiyo hakuilipa mkiukaji peke yake.

Nakumbuka vizuri kelele za Oktoba 2017. Vifaranga 6,400 walikamatwa mpakani Namanga wakitokea Kenya, thamani yake ikatajwa kuwa kama shilingi milioni 12 na nusu, na serikali ikawachoma moto wakiwa hai. Picha zilisambaa kila mahali. Wakenya walilalamika, Watanzania wengi tukalalamika, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilisema mezani kwangu kwamba ni ukatili na ni hasara ya bure. Leo nasema nusu ya maneno yale yalikuwa sahihi.

Zuio lenyewe lilikuwa na sababu. Mwaka 1997 huko Hong Kong mafua makali ya ndege, yale ya kirusi cha H5N1, yaliwapata watu 18 na kuua 6, na ndipo dunia ilipojua kwamba mafua hayo yanaweza kumvuka kuku yakamfikia mtu. Mwaka 2006 yakaingia Nigeria, kisha nchi nyingine za Afrika, na Tanzania ikafunga mlango kwa vifaranga na mazao ya kuku kutoka nje. Mwanzoni mwa 2017, miezi michache kabla ya moto wa Namanga, Uganda ilitangaza mafua ya ndege baada ya ndege wa mwituni kuokotwa wamekufa kando ya Ziwa Victoria. Kenya yenyewe, ambayo wafanyabiashara wake walitulalamikia baadaye, ilizuia kuku wa Uganda wakati huo. Kwa hiyo anayedhani zuio ni chuki ya jirani kwa jirani aangalie ramani na tarehe.

Sasa upande wa pili. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 iko wazi kwa maana yake: huingizi mnyama au ndege bila kibali cha Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, aje na cheti cha afya kilichotolewa na daktari wa mifugo wa serikali ya anakotoka, akaguliwe anapoingia, na penye shaka atengwe. Kutengwa ndiyo karantini. Ni neno ambalo tulilizoea wakati wa korona, lakini wafugaji walikuwa nalo tangu zamani. Maana yake ni kumpa ugonjwa muda wa kujionyesha. Kwa mdondo, Shirika la Afya ya Wanyama Duniani linahesabu siku 21 kama muda ambao kirusi kinaweza kukaa kimya. Kwa mafua makali ya ndege linahesabu siku 14. Wale wangu walionyesha siku ya tano. Ningewatenga wiki moja tu, kuku wa yule mama wangekuwepo mpaka leo.

Lakini nimepita Namanga mara nyingi, nimepita mpaka wa Holili nikienda Taveta, upande wa Kenya, kwa mambo ya ndugu, na banda la kutenga ndege, banda halisi lenye taa, maji na mtu wa zamu, sijaliona hata mara moja. Na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana watu wanaizungumzia karantini ya kuku kana kwamba ni zizi la ng'ombe. Ng'ombe unamweka uwanjani, unampa majani na maji, anasubiri. Kifaranga wa siku moja hana subira hiyo. Anatoka kwenye yai akiwa na kiini tumboni kinachoweza kumbeba kama siku tatu, saa 72, na hiyo ndiyo inayofanya asafirishike kwenye boksi. Baada ya hapo asipokunywa na kula, anakufa. Wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 au zaidi kidogo. Anayejua kulea anaelewa usiku ule wa kwanza unavyokuwa: umetandaza maranda, umezungusha hadibodi ili pasiwe na kona ya kubanana, jiko la mkaa liko katikati limefunikwa, na wewe unaamka saa nane usiku kusikiliza. Wakilia kwa sauti kali wamepata baridi. Wakikimbilia pembeni na kutanua mabawa, joto limezidi. Wakitawanyika kimya kimya wamelala, nawe ulale.

Sasa mchukue kifaranga huyo, mfikishe mpakani saa kumi jioni, kisha afisa akuambie usubiri barua kutoka juu. Hata asipochomwa, kesho kutwa amekufa. Mfanyabiashara analijua hilo. Kwa hiyo hafiki kwenye kaunta. Anashusha maboksi kilomita chache kabla, anawapa vijana wa bodaboda, na vifaranga wanaingia kwa njia za panya usiku. Wanaingia bila cheti, bila kukaguliwa, bila siku hata moja ya kutengwa. Wale 6,400 walionekana kwa kuwa walikamatwa. Wangu 200 hakuna aliyewaona, na ndio walioua.

Kwa nini tunawanunua? Bei ni sehemu tu. Mwaka jana niliweka oda ya vifaranga kwa wakala mmoja hapa mjini, nikalipa nusu, nikasubiri wiki sita, nikapigiwa simu nikaambiwa nisubiri tena. Banda liko tupu, chakula kimenunuliwa, na mkopo haulali. Ukiwa kwenye hali hiyo, mtu mwenye boksi mkononi anaonekana mkombozi. Simtetei na sijitetei, ila anayetunga kanuni ajue tunanunua saa ngapi ya maisha yetu.

Ninachokitaka hakihitaji nchi tajiri. Nataka Namanga pawe na vyumba vitatu vya kulelea vifaranga, vilivyojengwa mbali na mabanda ya wenyeji, vyenye umeme na jiko la akiba, kila kundi liingie chumba chake na litoke lote kabla jingine halijaingia. Gharama alipe anayeingiza, kwa siku na kwa boksi, ajue bei kabla hajaanza safari. Nataka kibali kiwe na siku zake za kujibiwa, ndiyo au hapana, ili mtu asipange kutotolesha kwa kubahatisha. Yai linachukua siku 21, halingoji faili. Na cheti kinachokuja na vifaranga kisitaje vifaranga tu. Kitaje kuku mama zao. Ule ugonjwa wa kuharisha kweupe unatoka kwa mama, unapita ndani ya yai, kifaranga anazaliwa nao akiwa mzuri wa kutazama. Mkaguzi akiinamia boksi la vifaranga wanaorukaruka hawezi kuuona. Anaweza kuuona kwenye majibu ya damu ya mama zao.

Na moto ukome. Kundi likikutwa na ugonjwa, au likikamatwa bila karatasi na halirudishiki, liuawe. Sina shida na hilo, hata likiwa langu. Lakini miongozo ya kimataifa inataka ndege auawe kwanza kwa njia ya haraka, kwa vifaranga hutumika gesi, kisha mzoga ndio uchomwe au uzikwe. Kumtia kifaranga hai kwenye moto hakuongezi usalama hata chembe. Kinachoongezeka ni hasira, na mwenye hasira na sheria hupita porini.

Najua swali linalofuata, maana rafiki yangu mmoja wa Usa River ananiuliza kila tukikutana. Ndege wa mwituni je? Kila mwaka wanakuja kutoka Ulaya na Asia, wanatua Manyara, wanatua maziwa ya Momella hapa hapa kwenye hifadhi ya Arusha, hawaombi kibali kwa mtu. Kweli, mafua ya ndege huweza kuja nao. Lakini bata wa mwituni hapakiwi mia kwenye boksi moja, hapelekwi kwenye banda lenye kuku wengine elfu, wala hauzwi Ngaramtoni asubuhi na Tengeru mchana. Anayeusafirisha ugonjwa kwa kasi ya gari ni sisi. Kwa bata dawa yake ni wavu kwenye madirisha na kutonywesha kuku maji ya mtoni. Kwa gari dawa ni kulisimamisha.

Mpaka hivyo vyumba vya Namanga vitakapojengwa, kila mmoja wetu ana mpaka wake, nao ni mlango wa banda. Mimi sasa nina banda dogo la pembeni, hatua kama 30 kutoka lile kubwa, upande ambao upepo hautokei. Lina ndoo yake, chombo chake cha chakula, na kandambili zake ambazo hazitoki mlangoni. Nawahudumia kuku wakubwa kwanza, wageni mwisho, kisha nanawa. Mbolea yake haitoki kabisa. Kila kuku anayeingia kwangu, hata akitoka kwa kaka yangu Sanawari, anakaa humo siku 21, na chanjo ya tone la jicho nampa mwenyewe badala ya kuamini maneno ya muuzaji.

Humo ndani leo wako mitetea sita na jogoo mmoja mwekundu. Niliwanunua kwa ajili ya yule mama. Alitaka kuwachukua siku ileile, nikamwomba anivumilie, nikamweleza habari ya siku 21, naye akanisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno. Tangu hapo kila jioni akitoka kuchota maji anasimama kwenye uzio, anawahesabu kwa kidole kupitia wavu, mitetea sita, jogoo mmoja. Jana aliniuliza zimebaki ngapi. Nikamwambia tano.