Pilipili Nisizozila

Shemeji yangu akishiba hugeuka msomi. Siku hiyo alikuwa ameshindilia kuku wa jerk pale Boston Bay, wilaya ya Portland, kaskazini mashariki mwa Jamaica, na usomi wake wote ukaniangukia mimi.

"Shemeji," akasema huku akijipangusa kipara, "naona leo Tanga imesalimu amri."

"Ni moshi," nikamjibu.

Na moshi ulikuwepo, tusidanganyane. Pale Boston kuku na nguruwe hulazwa juu ya magogo mabichi ya mti wa pimento, moto ukiwa chini, kisha wanafunikwa kwa bati, lile lile la kuezekea. Punje za pimento zikikauka zinanukia mdalasini, karafuu na kungumanga kwa wakati mmoja. Upishi wenyewe ni urithi wa Wamaroni, watumwa waliotoroka mashamba ya Waingereza wakajichimbia milimani, wakawa wanawinda nguruwe mwitu na kumpika kwa viungo na moshi. Nguruwe tulimpita kwa salamu tu. Tulikula kuku, pamoja na festival, ambalo ni andazi refu la unga wa mahindi lenye sukari, na shelisheli la kuchoma.

Hapo kwenye shelisheli mama watoto akanuna.

"Yaani nimepanda ndege kutoka Toronto nije kula shelisheli? Si ningekwenda Unguja kwa shangazi?"

Shemeji, kwa kuwa ameshashiba, akatueleza kwamba shelisheli lenyewe ni geni Jamaica. Lililetwa na Kapteni Bligh mwaka 1793 kutoka Tahiti, ili wenye mashamba wapate chakula rahisi cha kuwalisha watumwa. Safari ya kwanza iliharibika njiani, mwaka 1789, mabaharia walipomwasi Bligh, wakamshusha kwenye mashua na kumwacha katikati ya bahari, na miche yake wakaitosa. "Mimi nawaelewa," shemeji akasema. "Utumwe upande wa pili wa dunia ukabembeleze miche ya shelisheli?"

Sasa turudi kwenye moshi. Ukali wa jerk unatoka kwenye scotch bonnet, kipilipili kifupi kilichobonyea, cha njano au chekundu. Ni jamii ile ile ya pilipili mbuzi tunayoijua sisi, na mimi pilipili mbuzi nimeanza kuikamulia kwenye maharage kabla sijaota meno ya pili. Macho kunitoka machozi mbele ya kuku, tena mbele ya mtu wa Moshi, lilikuwa jambo lisilowezekana kitaalamu. Nikamwambia hivyo. Akacheka. Nikamwambia tena kwa sauti zaidi, mpaka meza ya jirani ikageuka.

Basi tukawekeana. Kesho yake tulikuwa tunakwenda kupanda vyelezo vya mianzi mto Rio Grande, na huko njiani kuna akina mama wanapika ukingoni. Wakati wa chakula kila mmoja atatafuna scotch bonnet moja mbichi, na mbegu zake, bila maji. Atakayetoa chozi analipia vyelezo vyote viwili na chakula cha watu wote.

"Nyie watu wazima?" mama watoto akauliza. Hakujibiwa.

Asubuhi nyumba ya wageni walitupa aki na ng'onda, chakula ambacho Wajamaika wanakiheshimu kuliko vyote. Ng'onda tangu enzi za utumwa alikuwa akiletwa kutoka Canada, kwa hiyo tulikuwa tumetoka Canada kumfuata samaki wa Canada. Aki ni tunda lililotoka Afrika Magharibi, na lina masharti: linachumwa likishapasuka lenyewe mtini. Likifunguliwa kwa nguvu kabla ya wakati wake ni sumu, na watu wamekufa. Nilimhoji mpishi kuhusu kila aki aliyoweka kwenye sahani yangu, ilipasuka lini na nani alishuhudia, hadi mama watoto akamwomba radhi mpishi kwa niaba yangu. Lakini ni tamu, nakubali. Nikaongeza.

Kisha nikapita soko la Musgrave, Port Antonio, kununua silaha. Mama aliyekuwa akiuza alinichagulia za njano, zimeiva hadi zinang'aa, akazitia kwenye kimfuko cha karatasi. Nilipozitia mfukoni mwa kaptula akanitazama, akaitazama kaptula, akasema kitu kwa ile patwa yao. Nikamjibu asante. Begi la mgongoni alikuwa nalo shemeji, na kumkabidhi shemeji pilipili za mashindano ni sawa na kumpa mshitakiwa faili la kesi yake. Zikabaki mfukoni.

Kuhusu ile kaptula naomba nieleweke. Ilikuwa kaptula ya kuogelea, mpya. Mimi siogelei, ila nilijua tunakwenda majini. Kwa nini mtengenezaji akaamua kwamba mfuko wa kaptula ya mwanaume mzima uwe wa wavu, matundu matupu, na wavu huo huo uendelee ndani kama bitana, hilo ni swali lake yeye na Mungu wake.

Vyelezo vya Rio Grande ni vitu vya kuvutia. Ni mianzi mirefu imefungwa pamoja, hakuna injini, hakuna usukani. Nahodha anasimama mbele na upondo, na nyuma kuna kiti cha mianzi cha watu wawili kilichoinuliwa kidogo. Zamani vilikuwa vinashusha ndizi kutoka mashambani. Baadaye Errol Flynn, mcheza sinema wa Hollywood aliyehamia Port Antonio miaka ya 1940, akaanza kuvipanda kwa starehe na kuwashindanisha manahodha, na watalii wakamfuata. Unapandia Berrydale, unateremka taratibu kama saa tatu hivi mpaka St. Margaret's Bay, mto unapoingia baharini. Milima ya kijani pande zote, yangeyange wanatembea ukingoni, na maji unayaona mpaka mawe ya chini.

Mama watoto alikataa kukaa na mimi. "Mtu wa pwani asiyejua kuogelea atanishika shingo," akasema, akapanda chelezo cha mbele peke yake, kanga mabegani, simu mkononi. Mimi nikabaki na shemeji.

Shemeji ni mtu mwenye mwili. Kiti ni cha watu wawili wa kadiri. Nikajikunja upande wa kushoto, upande wenye mfuko, na yeye akajaza sehemu iliyobaki pamoja na sehemu yangu kidogo.

Mwanzo ulikuwa raha tupu. Nahodha wetu, mzee mkavu mwenye mikono ya chuma, alikuwa anatuonyesha bonde linaloelekea Moore Town, makao ya Wamaroni wa Nanny, yule mwanamke aliyewatoa jasho Waingereza na ambaye sura yake imo kwenye noti ya dola 500. Nikawa natikisa kichwa kwa heshima. Ndipo tukaingia mahali mto unapobana na kukimbia. Chelezo kikainama kushoto, wimbi likatupiga mapajani, na nyonga nzima ya shemeji, kwa baraka zake zote, ikaja juu yangu.

Nikasikia mfukoni, *pwa*.

Sikushtuka. Nilidhani ni karatasi. Baada ya kitambo nikahisi joto pajani, joto la kistaarabu tu, nikasema hili ni jua la Karibi, ndilo tulilolilipia. Joto likazidi. Nikajisogeza. Ukijisogeza kwenye kiti kile unasugua, na ukisugua unakamua. Wimbi la pili likaja, likausomba ule mchuzi kupitia matundu ya mfuko, likaupitisha kwenye bitana, na kuufikisha kila mahali ambapo bitana inafika.

Sitataja mahali. Huenda watoto wanasoma.

"Shemeji, mbona umenyamaza?" akauliza.

"Naangalia milima."

"Milima iko huku. Wewe umefumba macho."

Nikaamua kufa kiume. Nikang'ata meno. Nikaanza kuhesabu yangeyange. Nadhani nilifika wa nne, halafu ikaja awamu ya pili. Ya kwanza ni moto. Ya pili ni kama una siafu wenye kinyongo cha ukoo. Nikasimama juu ya chelezo.

"Kaa chini, bwana!" nahodha akapiga kelele. Chelezo kikayumba. Mbele, mama watoto aligeuka akanyanyua simu. "Ee, hapo hapo!" akasema. "Tabasamu, baba watoto!"

Nikaruka.

Mtu asiyejua kuogelea akiruka mtoni kwa hiari yake, ujue huko alikotoka kubaya. Nilipiga maji kwa mikono na miguu, nikamtaja Mwenyezi Mungu, nikamtaja mama yangu, nikaomba kamba, nikaomba boya. Katikati ya kuzama nikasikia nahodha akisema kwa upole, safari hii kwa Kiingereza cha kueleweka:

"Kaka. Simama."

Nikasimama. Maji yalikuwa yananifika magotini.

Basi kwa kuwa nimo majini nikaona nijioshe. Nikaingiza mkono mfukoni kutoa yale mabaki, nikaosha hapa, nikaosha pale, moto ukaongezeka badala ya kupungua. Nikashangaa, na kwa kushangaa huko nikajifuta uso.

Kwa mkono ule ule.

Hapo ndipo nilipokiona kilichomnyoa kanga manyoya, na baada ya hapo sikuona tena chochote. Nilivutwa hadi ukingoni nikiwa nimeshikwa mkono, huku nikisikia shemeji nyuma yangu akihema kwa kicheko: "Shemeji! Pilipili usizozila zakuwashiani?"

Bahati nzuri tulikuwa tumekaribia mahali pa chakula. Chini ya mwavuli wa majani mama mmoja alikuwa ameinjika sufuria zake kwenye mawe, anachemsha samaki katika tui la nazi mpaka tui linaanza kuachia mafuta, chakula wanachokiita rundown. Alininusa tu akajua. Hakuuliza swali hata moja, na kwa hilo nitamshukuru daima. Aliniwekea maziwa ya kopo kwenye kitambaa nijifute kope, akanipa chupa ya mafuta ya nazi, akanionyesha migomba.

Nyuma ya migomba sikuhitaji maelekezo.

Shemeji ndiye aliyenielezea sayansi yake, akiwa upande wa pili wa mgomba. Yeye kazi yake ni maabara ya hospitali. Kile kinachowasha kwenye pilipili hakichanganyiki na maji. Kinayeyuka kwenye mafuta. Ukijimwagia maji unakisambaza tu.

"Ulilijua hilo wakati nimo mtoni?"

"Nililijua, shemeji. Lakini ulikuwa unazama, nikaona nisikukatize."

Kaptula haikuvalika tena. Mama watoto akanipitishia kanga yake, nikajifunga. Nilipotoka nyuma ya migomba nilitembea kwa hatua za taratibu, miguu mbali mbali, nikasalimia watu. Nikasikia mama watoto amekaa chini kabisa, anacheka hadi anakohoa. Ile kanga nilikuwa nimeifunga jina likaja nyuma, limetandaa barabara makalioni: MKAMIA MAJI HAYANYWI.

Ikabaki kesi ya mashindano. Shemeji akadai nimetoa machozi, tena mbele ya mashahidi, kwa hiyo nilipe. Mimi nikadai makubaliano yalikuwa ya kutafuna, na mdomo wangu haujagusa pilipili. Macho yaliyotoa machozi yalidhulumiwa kwa njia nyingine kabisa, na aliyezibonda pilipili zenyewe ni nyonga yake. Kwa maneno mengine ameharibu vifaa vya mchezo. Tukamfanya nahodha hakimu. Akatusikiliza wote huku anakula, akalamba vidole, akauliza swali moja tu: nani kati yetu ameng'oka kwenye chelezo chake bila ruhusa? Nikahesabu noti. Kila Nanny niliyemtoa alinitazama.

Samaki wa rundown alikuwa mtamu ajabu, na ndizi mbichi za kuchemsha pembeni. Nilimla nikiwa nimesimama.

Tukiwa tunamalizia, nikaona kaptula yangu, niliyokuwa nimeianika kwenye jiwe, ikitikisika. Kuku mmoja wa yule mama, jike jembamba lenye shingo ya uchi, alikuwa ameingiza kichwa chote mfukoni. Anadonoa. Akatoa kipande cha njano, na mbegu zake, akakimeza, akafuta mdomo pande zote mbili kwenye jiwe, akarudi kuchukua kingine. Hakuhema, hakukimbilia maji, wala hakupepesa jicho.

"Ndege hawausikii ule ukali," shemeji akaanza, maana alikuwa ameshashiba. "Pilipili yenyewe inawataka wao wasambaze mbegu..."

"Kumbe kuku wa huku anajikoleza mwenyewe," mama watoto akamkatiza.

Kuku akamaliza ya mwisho, akanikazia macho, akajisaidia juu ya kaptula.

Nikamgeukia yule mama nikamuuliza huyu anauzwa bei gani.