Fedha Ikiibwa kwa Simu, Hasara Ibebwe na Nani?

Kila Mtanzania mwenye simu ameshasikia maonyo haya mara nyingi: usimtajie mtu namba yako ya siri, hakiki jina kabla ya kutuma fedha, na usifuate maelekezo ya anayejitambulisha kuwa mhudumu wa mtandao ikiwa hajapiga kwa namba 100. Ni maonyo sahihi, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) imefanya kazi nzuri ya kuyaeneza, hasa kupitia kampeni ya Sitapeliki. Ninachokilalamikia ni kwamba yote yanamlenga mtu mmoja tu, yaani yule anayeibiwa. Kampuni ambayo laini yake ilitumika kuibia, wakala aliyemkabidhi mwizi noti mkononi, na waendeshaji wa mfumo ulioruhusu fedha zihame kutoka akaunti moja hadi nyingine kwa dakika chache, wote hawa hasara haiwagusi. Naamini hapo ndipo mapambano yetu dhidi ya wizi wa mtandaoni yanapokwama.

Wizi wenyewe umehama. Zamani kibaka wa Kariakoo au Mbagala akikwapua simu kwenye dirisha la daladala alikuwa anatafuta chombo cha kuuza kwa bei ya kutupa, na mwenye simu alihuzunikia majina na picha zake. Leo kinachotafutwa ni laini iliyomo ndani, kwa kuwa laini ndiyo akaunti ya M-Pesa au Airtel Money, ndiyo mlango wa benki, tena ndiyo inayopokea namba za kuthibitishia miamala. Mwizi akiikuta simu haijafungwa anaweza kuhamisha salio na hata kuchukua mkopo mdogo kwa jina la mwenye laini, ambaye atakuja kudaiwa fedha asizozigusa.

Kisha wapo wanaoiba bila kumkaribia mtu. Ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” umechekwa sana, na wengi hujiuliza ni nani bado anadanganyika nao. Anayedanganyika si mjinga. Ujumbe huo hutumwa kwa watu wengi kwa wakati mmoja, na miongoni mwao hakosekani aliyeahidi kumtumia mtu fedha saa hiyo hiyo. Ule unaojifanya umetoka kwa mwenye nyumba humkuta mpangaji aliyekwisha kukusanya kodi ya miezi 6, kwa kuwa ndivyo nyumba nyingi za kupanga zinavyolipiwa katika miji yetu, na kwa muamala mmoja jasho la nusu mwaka linaondoka. Yupo pia “mwalimu” anayepiga kueleza kuwa mtoto ameanguka shuleni na daktari anasubiri malipo. Mzazi anayepokea simu hiyo yuko mbali na shule na moyo unamwenda mbio. Ni ukatili kumlaumu baadaye kwamba hakutulia.

Kinachowapa matapeli hawa nguvu ni taarifa zetu, ambazo tumezizoea kuziacha wazi. Ukiingiza namba yoyote kwenye huduma ya fedha za simu, jina la mwenye namba linatokea kabla hujathibitisha kutuma. Utaratibu huo uliwekwa ili kutukinga tusikosee, na umeokoa fedha nyingi, lakini pia unamwezesha tapeli kukuita kwa jina lako kamili tangu salamu ya kwanza. Daftari la wakala hukaa wazi mezani, na kila mteja huandika humo jina, namba na kiasi, huku anayemfuata akisoma. Kwenye mageti ya ofisi na ya majengo ya kupanga kuna madaftari kama hayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na bado sijaona wakala akifundishwa kwamba daftari lake nalo linahusika na sheria hiyo.

Jambo linalonikera kuliko yote, hata hivyo, ni laini zenyewe. Tuliambiwa kwamba usajili kwa alama za vidole ungemaliza utapeli. Watu walipanga foleni kutafuta namba za kitambulisho cha taifa (NIDA) mwishoni mwa mwaka 2019, tarehe ya mwisho ikasogezwa kutoka 31 Desemba hadi 20 Januari 2020, na waliochelewa laini zao zikazimwa, wakiwamo wazee wa vijijini ambao simu ilikuwa njia yao pekee ya kupokea fedha kutoka kwa watoto wao. Wananchi walitimiza wajibu wao. Upande wa pili wa makubaliano hayo ulikuwa kwamba kusingekuwa tena na laini isiyo na mwenyewe, na kwamba tapeli angefuatwa hadi mlangoni.

Matokeo yake ni kwamba laini za matapeli sasa zina majina kamili, ila ni majina ya watu wengine. Anayefuatilia mambo haya anaijua njia inayotumika. Msajili wa laini aliyekaa chini ya mwavuli kituoni, ambaye hulipwa kwa idadi ya laini anazosajili, humwambia mteja, “Mama, weka kidole tena, mtandao unasumbua.” Mara ya kwanza kidole kimesajili laini ya mama, mara ya pili kimesajili laini nyingine ambayo mama hataiona kamwe, na ambayo itauzwa jioni kwa mtu anayejua thamani yake. Tunashauriwa kupiga *106# ili kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chetu, nami namsihi kila anayesoma apige leo. Hata hivyo, tafakari maana ya ushauri huo: mwananchi ndiye anayetakiwa kukagua kazi ya msajili ambaye kampuni imemtuma na kumlipa. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2024 laini zinazotumika nchini zilikuwa zimepita milioni 80, ilhali Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, watoto wachanga wakiwamo. Wengi tuna laini mbili au tatu kwa sababu za haki kabisa, lakini katika wingi huo laini ya wizi haipati shida ya kujificha.

Jirani yangu anayeuza vitenge alipigiwa simu na mtu aliyelijua jina lake lote. Alielekezwa abonyeze namba ndefu ili “kurekebisha akaunti”, na alipomaliza, salio lilikuwa limekwisha. Alishtuka papo hapo na kupiga huduma kwa wateja wakati ambapo, kama alivyokuja kuelezwa, fedha zilikuwa bado hazijatolewa. Dakika zile za thamani ziliishia kwenye muziki wa kusubiri. Mhudumu alimtaka aende polisi kuchukua RB, yaani namba ya kuonyesha kwamba tukio limeripotiwa. Polisi walimtaka alete taarifa ya muamala kutoka kwenye kampuni. Kampuni ikamjibu kwamba taarifa za mwenye namba ile nyingine hazitolewi bila amri ya mahakama. Kila mmoja alikuwa na kanuni yake, na huenda kila kanuni ina sababu yake, lakini zikiunganishwa zinampa mwizi muda wote anaouhitaji. Karatasi zilipokamilika, fedha zilikuwa zimetolewa kwa wakala wa mkoa mwingine na laini ilikuwa haipatikani.

Nimeambiwa kwamba miamala ni mingi mno na haiwezekani kuizuia kwa haraka. Sikubaliani na hoja hiyo. Julai 2021, tozo ya miamala ya simu ilipoanza, mitambo ya kampuni zote ilikata makato kwenye muamala mmoja mmoja, nchi nzima, papo hapo, kwa viwango vilivyotofautiana kulingana na kiasi kilichotumwa. Sina nia ya kufufua mjadala wa tozo ile. Naitaja kwa sababu inathibitisha kwamba uwezo wa kuugusa muamala ukiwa njiani upo, na kwamba serikali ikiamua jambo lifanyike, kampuni hulifanya. Uwezo huo huo unaweza kutumika kuishikilia kwa saa 24 akaunti iliyopokea fedha mara tu mlalamikaji anapotoa taarifa, hata kama mpokeaji yuko mtandao mwingine, kisha uchunguzi ufuate.

Tena anayeibeba hasara ndiye huwa na haraka. Uingereza imelitambua hilo. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, benki na kampuni za malipo za huko zinalazimika kumrejeshea mteja aliyelaghaiwa akatuma fedha mwenyewe, hadi pauni 85,000, kwa kawaida ndani ya siku 5 za kazi, na gharama hugawanywa nusu kwa nusu kati ya taasisi iliyotuma na iliyopokea. Hiyo nusu ya mpokeaji ndiyo inayonivutia, kwa sababu inamfanya anayefungua akaunti ajiulize anamfungulia nani. Sidai kwamba tunakili kila kitu. Watakuwapo watakaojifanya wameibiwa ili walipwe, na kiwango chetu cha juu kitapaswa kuwa kidogo. Lakini pale inapothibitika kwamba laini ya wizi ilisajiliwa kwa kidole cha mtu asiyejua lolote, sioni kwa nini muuza vitenge abebe hasara yote peke yake.

Sheria hatukukosa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika Septemba 2015, na ndani yake kuna vifungu dhidi ya ulaghai wa kompyuta na dhidi ya kujifanya mtu mwingine. Kilichosikika zaidi katika miaka yake ya mwanzo, hata hivyo, ni kesi za maneno. Mwaka 2016 mahakama moja ya Arusha ilimtia hatiani mtu kwa alichoandika Facebook kumhusu Rais. Mwenye ukurasa wa Facebook alipatikana na kufikishwa kizimbani, na ujuzi huo wa kumpata mtu mtandaoni ndio aliouhitaji kila aliyewahi kubaki na RB mkononi bila jibu.

Hata katika utapeli wa uwekezaji jambo ni hilo hilo. Mpango wa upatu wa DECI ulipoporomoka mwaka 2009 watu walikuwa wamepeleka fedha zao wenyewe, kwa miguu, ili “kupanda mbegu”. Februari 2025, Polisi walipowakamata watuhumiwa wa LBL, mpango wa uwekezaji wa mtandaoni, waliojiunga walikuwa wamelipa wakiwa nyumbani, kwa simu, kwa ahadi ya kulipwa kwa kutazama matangazo. Programu za mikopo zisizo na leseni, ambazo Benki Kuu ilizitangaza Novemba 2024 zikiwa 69, nazo zilikopesha na kudai kwa njia hizo hizo. Utapeli wa namna hii haukui bila kupokea malipo, na malipo hupitia kwenye huduma zenye leseni, ambazo hukata ada yake kwa kila shilingi inayopita.

Ripoti za TCRA za kila robo mwaka huonyesha majaribio ya ulaghai kwa mikoa, na Rukwa na Morogoro zimekuwa zikitajwa mara kwa mara kuwa juu, kama ambavyo Kenya walivyozoea kuutaja mji wa Mulot kwa wizi wa laini. Sipendi jinsi takwimu hizo zinavyogeuzwa kuwa masimango dhidi ya vijana wa Sumbawanga au Ifakara, ambao wengi wao wanalima mpunga na mahindi kwa haki. Zaidi ya hilo, jaribio likihesabiwa kwa mkoa, jicho linabaki kwa aliyepiga simu. Naiomba TCRA, pamoja na Benki Kuu, iongeze kwenye ripoti hiyo hesabu tatu kwa kila kampuni, nayo itajwe kwa jina: laini ngapi zilizofungiwa zilisajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine, ilichukua dakika ngapi tangu malalamiko yapokelewe hadi akaunti ikashikiliwa, na ni shilingi ngapi zilizorudi kwa wenyewe.