Waandikeni kwa Majina Yao

Juzi nilihudhuria kongamano la urithi wa Pwani. Meza kuu ilijaa wanaume watupu. Wanawake waliitwa waje kuimba vugo, zile nyimbo za harusi, na kupakua chakula. Mtoa mada mmoja alipotaja ukoo uliojenga msikiti fulani, bibi mmoja aliyeketi mkekani nyuma alinyoosha mkono akamsahihisha: nani alimzaa nani, kisima kilichimbwa na nani, ukuta upi uliongezwa baadaye. Mtoa mada akakubali papo hapo. Ripoti ilipotoka, maelezo yale yalikuwamo yote, na chini yake imeandikwa “kwa mujibu wa wenyeji”.

Imeniuma sana. Watu wa Pwani ndio tusio na kisingizio kabisa cha kutowataja wanawake wanaoijua historia yetu. Mwaka 1858 mshairi Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimwita bintiye Mwana Hashima akae karibu naye, ashike wino na karatasi. Ukatoka utendi, shairi refu la mawaidha, wa beti zaidi ya 100, na mwishoni akawahimiza wanawake wausome. Mama yule alikuwa akifundisha, na alijua anafundisha wengi. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu kisiwani Pate, anatajwa kwa vita vyake na Sultani wa Unguja. Lakini nyumba za zama zile ziliishi vipi, mtu alimsalimu nani kwa adabu gani, mja alimwomba Mola wake kwa maneno yapi, hayo tunayapata kwa mkewe. Shuleni utendi ule tulifundishwa kama somo la kumtii mume, basi. Haya, mume yumo, tena kwa kirefu, na zipo beti nisizotaka binti yangu azifuate. Hilo halimwondoi Mwana Kupona katika safu ya waalimu wa historia yetu.

Tarehe za miji, yaani vitabu vya historia yake, ziliandikwa na wanaume, nazo tunazihitaji. Lakini mwimbaji wa taarab Siti binti Saad naye aliyabeba maisha ya Unguja hadi kwenye santuri alizorekodi Bombay mwaka 1928, na Bibi Titi Mohamed aliwaingiza wanawake TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kupitia vikundi vya ngoma.

Kwa hiyo nawaomba waandaaji: anayejua historia akae meza kuu, alipwe kama watoa mada wengine, na jina lake liandikwe akiridhia. Na mkienda kumrekodi nyumbani kwake, waachieni wanawe na wajukuu nakala.