Silinda Namba Tatu Iko Upande Gani?

Tangu saa moja kasoro asubuhi, nilipofungua ile profoma ya gereji, yaani makadirio ya bei ya kutengeneza kigari changu, mpaka sasa jua linazama, sijapiga mswaki. Iliingia kwa WhatsApp, kurasa mbili, nembo juu, muhuri chini, na katikati imeandikwa "Mteja wetu mpendwa". Hapo hapo nikashika mfuko. Mtu anayekupenda kabla hajakuona ana jambo lake.

Kigari chenyewe ni Toyota IST, chesisi NCP61, ya 2003. Sina haja ya kukuelezea. Kama huna wewe, anayo shemeji yako. Wiki nzima kikisimama kinatetemeka. Juzi pale makutano sahani za mama Shukuru, zilizokuwa kwenye buti, ziligongana mpaka mwenye boda akageuka kumtafuta muuza aiskrimu. Na ile taa ya injini, ya rangi ya chungwa, imewaka na kuweka makazi. Nikasema safari hii nifanye mambo kistaarabu. Mtu mzima, mwenye familia na kitambulisho cha kazi, hawezi kila Jumamosi kulala chini ya gari kama paka. Nikapiga simu gereji moja ya kampuni huko Dar es Salaam, wale wenye viyoyozi na kahawa ya bure, nikaongea kwa ile sauti ya kupokelea wageni kutoka wizarani.

Kumbe sauti nayo imeingia kwenye hesabu. Kupima kwa kompyuta: laki na ishirini. Koili nne (vile vidude vya kutoa umeme wa cheche ya kuchomea mafuta, kila silinda ya injini na chake), jenuini, kila moja laki na tisini. Nne zote, hata ambazo haziumwi. Plagi nne, laki na arobaini. Ufundi saa mbili na nusu, kwa kazi ya kufungua bolti nne. Halafu mstari mmoja niliousoma mara tatu, mara ya tatu nimevaa miwani: "Vifaa vidogo vya karakana, matambara, grisi n.k.: 18,500." Matambara! Mimi kwangu nina fulana za kampeni za chaguzi tatu, wagombea wote wamefuta oili bila kunidai senti. Na chini kabisa, ongeza VAT asilimia 18. Yaani na tambara linalipiwa kodi. Jumla milioni moja na laki nne na ushee, na gari nililinunua kwa mtu kwa milioni saba. Na nilipeleke mwenyewe, kilomita zaidi ya 800 kutoka hapa Tabora, likitetemeka.

Mama Shukuru akaisoma, akanirudishia simu. "Baba Shukuru, kwani wanakupa na gari lingine?"

Utaniuliza fundi wangu yuko wapi. Yupo, chini ya mwembe wake kule mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa Tabora. Mara ya mwisho alinirudishia gari pamoja na bolti tatu kwenye kikopo cha maziwa. Nikamuuliza hizi za wapi. Akasema, "Hizo zimebaki, bosi. Mjapani huwa anaweka nyingi."

Basi nikaamua nitengeneze mwenyewe. Nimesoma, sikusoma?

Kwanza nikamwita dogo mwenye kifaa cha kupimia. Akachomeka kwenye kile kitundu cha chini ya usukani. (Wamarekani waliyalazimisha magari yao yote yawe nacho tangu 1996, yaseme lugha moja ya magonjwa, na dunia ikafuata.) Kioo kikaandika P0303. Dogo akaguna kama daktari bingwa. "Namba ya mwisho ndiyo silinda, mzee. Ya tatu haichomi. Elfu ishirini." Herufi moja na tarakimu nne. Nikagawanya kichwani: elfu nne kwa kila moja, na kuna sifuri mbili humo ndani.

Nikaenda dukani kwa muuza spea.

"Unataka orijino, orijino yenyewe, au jenuini?"

"Zina tofauti gani, kijana wangu?"

"Orijino ni ya China. Orijino yenyewe ni ya Dubai. Jenuini ni mtumba wa Japani."

"Na mpya ya Japani?"

Akanitazama kwa huruma, kama nimemwulizia samaki wa baharini. "Hiyo inaagizwa, mzee wangu." Nikachukua mtumba, elfu arobaini na tano. Nyuma ya risiti kuna mhuri mwekundu: spea za umeme zikishatoka dukani hazirudi.

Saa tano nikafungua boneti mbele ya nyumba, chini ya mwembe. Hapa nikuambie jambo moja: mji huu wa miembe hauna kitu kinachoitwa kutengeneza gari peke yako. Ukifungua boneti ni kama umepiga ngoma. Nilikuwa bado sijaiegemeza vizuri, Mzee wa Reli keshafika na kigoda chake.

Mzee wa Reli ni jirani yangu, kastaafu karakana ya treni. Kwake kila kitu chenye injini ni treni iliyokosa malezi. Nikampa shikamoo, akaitikia huku keshachukua bisibisi yangu ndefu. Akaniamuru niwashe. Ncha ya bisibisi akaiweka kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Watoto wakanyamaza. Mama wa vitumbua akasogea na beseni lake. Mzee akahamisha bisibisi, akasikiliza tena, akahamisha tena, mpaka nikaanza kuona aibu kama nimeleta mgonjwa nikiwa nimechelewa.

"Ana pumu," akasema.

"Mzee, kompyuta inasema silinda ya tatu haichomi."

"Ndiyo pumu hiyo. Ya tatu ipi?"

Na hapo ndipo siku yangu ilipoharibikia. Koili nne zimepangwa mstari mmoja, kutoka upande wa dereva kwenda upande wa abiria, zinafanana kama watoto wa chekechea. Ukianzia huku, ya tatu ni hii. Ukianzia kule, ya tatu ni ile. Lakini mimi nilikuwa nimejiandaa! Nilishaangalia video jana usiku, Mmarekani mmoja mwenye gereji safi kuliko sebule yangu, kabla bando halijakata nilimsikia kwa masikio yangu akisema silinda namba moja iko upande wa abiria. Nikawaambia.

"Anzia cheni ilipo," akasema Mzee wa Reli.

"Mzee, hii siyo baiskeli."

"Nimekwambia anzia cheni ilipo. Injini hii ina cheni, haina mkanda. Namba moja inakaa na cheni."

"Na mimi nimekwambia upande wa abiria. Mzungu kasema."

"Mzungu huyo kaliona gari lako?"

Mama wa vitumbua akauliza kushoto tunakosema ni kushoto kwetu tuliosimama mbele, au kushoto kwa gari? Swali zuri sana, ambalo lilimaliza robo saa. Jirani wa pili, mwalimu, akachora gari ardhini kwa kijiti, akaandika namba, mbuzi akapita juu ya silinda mbili. Mtu mmoja nisiyemjua kabisa, alikuwa anapita na debe la asali, akaliweka chini akasema Wajapani huandika kutoka kulia. Hapo nikapata wazo la kidemokrasia: tupige kura. Upande wa abiria ulishinda, sita kwa wawili. Wawili ni Mzee wa Reli na kijana mmoja wa boda, ambaye hakuwa amesema neno.

Nikazima gari, nikachukua spana namba kumi, nikafungua bolti. Soketi ya waya ikagoma. Plastiki ya miaka ishirini na ushee juu ya injini ya moto, usidhani inapinda. Nikavuta kistaarabu, nikavuta kwa bidii, ikasema *taa!* na kishikizo kikaruka kwenda kusikojulikana. Nikavumilia. Nikatoa koili, nikaiweka mfukoni, nikaingiza ya mtumba, nikafunga, nikawasha.

Likatetemeka kuliko mwanzo. Awali lilitetemeka kama mtu mwenye homa, sasa ikawa mashine ya kusaga. Embe bivu likaanguka juu ya boneti. Watoto wakapiga makofi.

Bila kumtazama mtu, mwalimu akauliza taratibu: "Huyo Mmarekani wako... abiria wa kwao anakaa upande gani?"

Wenzangu. Marekani dereva anakaa kushoto. Abiria yuko kulia. Kulia ndiko anakokaa dereva wetu. Ndiko iliko cheni.

Mzee wa Reli hakusema kitu. Alichukua kitumbua.

Nitakwambia ukweli, pale nilikasirika, siyo kwa mchezo. Nimesimama na oili mpaka kwenye viwiko nikaona kigari hiki kinaongea na kila mtu duniani isipokuwa mimi. Kitabu chake cha maelekezo ni Kijapani, miaka sita kipo kwenye droo ya mbele kinazuia stakabadhi zisipeperuke. Redio yake haishiki stesheni zetu zote mpaka uiongezee kidude. Video za Mmarekani, spea za Dubai, bei za Dar. Mwenye gari anachoelewa ni kelele peke yake. Na ukitaka kueleweshwa kwa Kiswahili safi, "mteja wetu mpendwa", unalipia tambara.

Kijana wa boda akaniomba nafasi. Gari linaunguruma, akaanzia upande wa dereva, akachomoa soketi ya kwanza: mlio ukazama. Akairudisha, mlio ukapanda. Ya pili, niliyoivunja mimi, ilikuwa imelegea. Akaibana kwa kidole na injini ikashusha pumzi, ikarudi kwenye homa yake ya zamani. Ya tatu akaichomoa. Hakuna kilichobadilika. Akaichomeka, akaichomoa tena. Kimya vilevile.

"Huyu ndiye marehemu," akasema.

Dakika moja! Bila kompyuta, bila kura. Tukazima, tukatoa ile mbovu. Na ile koili iliyokuwa mfukoni mwangu, nzima kabisa, niliyoitoa kwa demokrasia, ndiyo tukaiingiza namba tatu. Soketi iliyovunjika akaifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, vizuri mpaka nikatamani avunje na nyingine. Nikawasha. Likatulia kimya, ukasikia mafuta ya vitumbua yakichuruzika. Nikamwuliza nimpe nini. Akasema elfu mbili ya vocha. Nikampa tano, nikajuta, nikanyamaza.

Watu wakatawanyika, isipokuwa Mzee wa Reli, ambaye alishaingia kiti cha abiria (cha kushoto!) na kufunga mlango. Maana kuna yule mama wa Kijapani. Unamjua. Kila ukiwasha gari anatoka kwenye spika anasema sentensi yake ndefu, kwa adabu, kama anakupa pole. Fundi wangu aliwahi kuniapia kwamba anasema oili imepungua. Nimemwaga oili ya bure mara mbili kwa ajili ya huyo mama. Mzee wa Reli yeye ana msimamo wake tangu zamani: huyo anatangaza stesheni.

Leo Shukuru, yuko kidato cha tatu, akamwekea simu imsikilize na kutafsiri. Kumbe mama wa watu anasema kadi haijaingizwa. Kadi ya kulipia barabara za tozo huko kwao, magari yanapita bila kusimama, wameanza tangu 2001. Miaka sita ananidai kadi ya barabara ambayo sitaiona, na mimi naitikia kwa oili.

Nikamweleza Mzee wa Reli. Akatikisa kichwa, hakubali.

"Washa tena."

Nikawasha. Mama akasema maneno yake. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, macho amefumba.

"Umeona? Hajafika Usoke. Washa tena."

Nikamwambia mzee, betri. Mzee, jua linazama. Mzee, tumezima, shuka basi tukale.

Hashuki. Anasema yeye tiketi yake ni ya Kaliua.