Gemu la Bure Linamfaa Nani?

Kuna wanaoamini magemu ya bure ya simu ni mtego mtupu: unaingia bila kiingilio, kisha unabanwa mpaka utoe hela. Wengine wanayaona kama neema, kwa kuwa kijana mwenye simu ya kawaida anaingia uwanja mmoja na mwenye simu ya mamilioni. Pande zote mbili zina hoja, ila kila upande unamfikiria mchezaji wa aina moja tu. Gemu lilelile laweza kuwa bure kabisa kwa mama anayesubiri foleni ya benki, na likawa ghali kwa mwanawe aliye likizo.

Chukua Candy Crush Saga. Linakupa maisha 5. Ukishindwa hatua, moja linaondoka na hurudi baada ya dakika 30, hivyo ukiyamaliza yote utangoja saa mbili na nusu ili yajae tena. Anayecheza kwenye daladala asubuhi na jioni hata haioni breki hiyo: anashuka kituoni akiwa bado na maisha mawili, na jioni anayakuta yamejaa. Anayekaa na simu kuanzia saa moja usiku atakwama kabla ya taarifa ya habari, na hapo ndipo duka linapomfungukia. Breki inayomlinda wa kwanza ndiyo inayomlipisha wa pili, wala hakuna aliyedanganywa. Wamepakua kitu kimoja wakiwa na muda tofauti.

Mwaka 1996 Richard Bartle, Mwingereza aliyeshiriki kutengeneza mojawapo ya magemu ya kwanza ya watu wengi kwenye kompyuta, aliwagawa wachezaji mafungu manne: wanaokusanya mafanikio, wanaopenda kupeleleza, wanaopenda kukaa na watu, na wanaopenda kuwashinda wenzao. Mgawanyo huo una faida kwa mpakuaji wa leo, kwa sababu gemu la bure hukuuzia kitu palepale penye hamu yako.

Mkusanyaji huuziwa muda. Katika Clash of Clans, gemu la kujenga kijiji, unaanza na wajenzi 2, na majengo ya ngazi za juu huchukua siku kadhaa, mengine zaidi ya wiki. Vito vya kijani humaliza kungoja huko papo hapo, na kosa la karibu kila mgeni ni kuvitumia kwa kazi hiyo. Mjenzi wa tatu ni vito 500, wa nne 1,000, wa tano 2,000. Jumla ni 3,500, na vinapatikana bila kutoa senti kwa kung'oa miti na mawe kijijini na kutimiza malengo ya gemu lenyewe. Anayeviweka akiba atapata wajenzi wa kudumu, lakini aliyeharakisha ghala moja amebaki mikono mitupu. Gemu hili linamfaa anayefungua simu mara mbili tatu kwa siku, akaagiza kazi, akaendelea na mambo yake. Asiyeweza kuacha jambo kiporo atateseka humo.

Mpelelezi huuziwa bahati, na hapa ndipo wanaolalamika wananishawishi zaidi. Genshin Impact la mwaka 2020 ni ulimwengu mpana sana, na hadithi yake unaweza kuifuata bila kununua chochote. Lakini wahusika wengi hupatikana kwa bahati nasibu. Kila mvuto, yaani jaribio moja la bahati, hugharimu primogemu 160, ambazo ni sarafu ya ndani ya gemu, na nafasi ya msingi ya kupata mhusika wa nyota 5 ni 6 kati ya 1,000. Ukifika mvuto wa 90 unahakikishiwa nyota 5, yaani primogemu 14,400, ila anaweza asiwe yule uliyemtaka. Bahati ikikukataa kabisa, utafika mvuto wa 180 ndipo umpate. Kazi nne za kila siku hutoa primogemu 60, kwa hiyo mivuto 90 ni siku 240 ukitegemea hizo peke yake. Kuzunguka ramani na kushiriki matukio maalumu huongeza kasi, lakini anayemtaka mhusika fulani wiki hii hii asilipakue. Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kuwa masanduku ya bahati yanayolipiwa ni kamari, na sioni kosa katika hoja hiyo.

Mshindani aanze na simu yake. Free Fire, gemu la kupigana risasi, hukusanya hadi wachezaji 50 kwa mechi ya kama dakika 10 na lilitengenezwa likizingatia simu ndogo. PUBG Mobile, la aina hiyo hiyo, huweka 100, na mechi hufika nusu saa. Watu huhofia bando, kumbe mechi yenyewe hula makumi ya megabaiti tu kwa saa. Kinachomaliza bando ni masasisho, kwa hiyo weka Play Store isasishe kwa Wi-Fi pekee. Tatizo kubwa ni pingi, yaani muda ambao ishara huchukua kutoka kwenye simu yako hadi kwenye seva ya gemu na kurudi: ikipita milisekunde 200, umeshapigwa risasi kabla hujamwona adui, na hakuna silaha ya kununua itakayotibu hilo. Simu ikipata joto hujipunguzia kasi na picha huanza kukatika, basi shusha ubora wa picha, vua kava, na usicheze ikiwa kwenye chaji.

Kama ushindani wako ni wa akili, Lichess, ya kucheza sataranji (chesi), haina matangazo wala duka, huendeshwa kwa michango, na simu ya zamani inaimudu. Mpenda watu ana Ludo King, ambalo watu wanne hucheza kwa kupokezana simu moja bila intaneti.

Kwa gemu lolote, soma maelezo yake Play Store kabla ya kupakua, hadi kwenye bei za vitu vinavyouzwa ndani, uangalie ile ya juu kabisa. Ukishapakua, zima data kisha ulifungue: likifunguka na kucheza, bando lako limepona na matangazo mengi hayatatokea. Simu ikiwa itashikwa na mtoto, ingia kwanza kwenye mipangilio ya Play Store, uchague nenosiri liulizwe kwa kila ununuzi, na uondoe kadi au salio lililounganishwa na akaunti. Mtoto wa miaka 7 akiona sanduku linameremeta atalibonyeza, na hajui kwamba vito vile ni pesa yako.